Subaru WRX, Golf GTI ama Swift Sport: ipi ya kuchezea otokrosi na treki ukiwa Nakuru, bila kuimodi

Mtoto wa shangazi yangu anaishi Kisumu, upande wa Mamboleo, na tangu mwezi jana hanipi usingizi. Amejiwekea pesa kidogo, anataka gari moja tu, ya kwenda kazini Jumatatu hadi Ijumaa, ya kumpeleka mama kanisani, halafu mara moja moja aingie nayo otokrosi ama aende treki ya lami akanyage mafuta mahali hakuna bodaboda wala ng'ombe. Na hataki kuimodi, anataka ibaki vile ilitoka kiwandani. Ameleta majina matatu: Subaru Impreza WRX, Volkswagen Golf GTI ya Mk6, yaani kizazi cha sita, na Suzuki Swift Sport ile ya 1600. Ananiuliza, "Bro, wewe umezishika zote, nichukue gani?" Nimekuwa nikimjibu vipande vipande kwa simu, nikaona heri niandike yote mara moja maana najua si yeye peke yake anauliza.

WRX nimekaa nayo miaka mitatu. Golf ni ya jirani yangu hapa Lanet, Nakuru, tunaenda pamoja na amenipa usukani mara nyingi tu. Swift ndiyo iko nje ya nyumba saa hii.

Kwanza tuelewane ni mchezo gani tunaongelea, kwa sababu hapa ndipo watu wananunua gari isiyo yao. Ukitafuta otokrosi kwenye intaneti utaona Wamarekani wamepanga koni kwenye uwanja mkubwa wa lami wa kuegesha magari, gari inaingia moja moja, inazunguka kama dakika hivi, muda unaandikwa, ukiangusha koni unaongezewa sekunde 2. Otokrosi ya Kenya ni vumbi. Ni mzunguko wa murram uliochongwa na greda, una mashimo na vituta, mvua ikinyesha ni matope, na makundi yamegawanywa kulingana na vile gari inavuta: magurudumu mawili bila turbo, magurudumu mawili na turbo, magurudumu manne na turbo, halafu kuna bagi, vile vigari vya fremu ya vyuma, na watoto wadogo wana makundi yao, bambino na piwii. Hizo za ubingwa zina kanuni zake za usalama, kwa hivyo kabla hujalipa kiingilio omba karatasi ya kanuni za siku hiyo usome kuhusu keji (fremu ya vyuma ya kumkinga dereva), mikanda na helmeti, usifike pale na gari ya nyumbani ukarudishwa getini. Gari ambayo haijaguswa mahali pake ni siku za mazoezi na zile siku za kucheza na koni, na hizo zinatosha kabisa kukufundisha.

Treki ya lami nayo sisi wa huku hatuna. Kuna Whistling Morans kule Athi River, ni treki ya go-kati kwa hivyo kona zimebanana na hakuna mahali pa kunyoosha sana, na kuna Kiamburing TT upande wa Limuru, barabara inafungwa mnakimbia na saa mmoja mmoja. Kutoka Nakuru hadi Nairobi peke yake ni kama kilomita 160, na kutoka Kisumu unavuka 340 kabla hata hujaanza kutafuta njia ya Athi River. Hii ndiyo sehemu ambayo video hazikuonyeshi. Gari unaenda nayo ikiwa na miguu yake, unaipiga siku nzima, na jioni hiyo hiyo ikurudishe nyumbani upite Kinungi, upite Gilgil, Jumatatu saa moja asubuhi iwake uende kazi. Kwa hivyo mimi swali langu si ipi ina spidi, swali langu ni ipi itarudi nyumbani, na mwezi ujao mfuko wako bado utakuruhusu kurudi. Dereva anatengenezwa na siku nyingi za kuendesha. Ukienda mara mbili kwa mwaka kwa sababu kila ukienda unarudi na bili ya kukunja mgongo, hautajifunza kitu hata ukiwa na gari ya mbinguni.

Sasa namba, ili tuziweke sambamba. WRX niliyokuwa nayo ni ya muundo wa GDA, injini ya lita 2.0 na turbo, nguvu ya farasi 250, magurudumu yote manne yanavuta, uzito karibu kilo 1,400. Ndugu yake STI anafika 280 na ana gia sita. Golf GTI Mk6 ni lita 2.0 na turbo, farasi 211, inavuta mbele, giaboksi ya DSG (inajibadilisha yenyewe, ina klachi mbili) ya gia sita, na uzito pia unakaribia hiyo 1,400. Swift Sport ya ZC31S ni 1.6 bila turbo, farasi 125, gia tano za mkono, inavuta mbele, kilo kama 1,060. Ukiangalia hivyo tu kwa karatasi utasema Swift ni ya kina mama kwenda sokoni. Ngoja.

Na kuna hii ya hewa, ambayo ukisoma ushauri wa watu wa Uingereza ama Japani hawatakuambia. Nakuru tuko karibu mita 1,850 juu ya bahari, Eldoret inapita 2,000, Kisumu iko 1,130 hivi. Hewa ya hapa kwetu ni nyepesi, presha yake ni kama asilimia 80 ya ile ya Mombasa. Injini isiyo na turbo inavuta hiyo hiyo hewa hakuna mwujiza, kwa hivyo zile farasi 125 za Swift hapa Nakuru hesabu kama 100 na kidogo. Turbo inajisukumia hewa yenyewe kwa hivyo inapoteza kidogo sana, ingawa inazunguka kwa bidii zaidi na joto linapanda. Kwenye kupanda mlima Swift utaisikia inalia. Hiyo ni pointi ya WRX na Golf, nawapa bila ubishi. Ukishuka Kisumu Swift inapumua kidogo, lakini joto la ziwa nalo linawasumbua wenye turbo, intakula, ile ya kupoza hewa ya turbo, inashika moto na nguvu inashuka mchana.

Tuanze na Subaru maana najua ndiyo roho inataka. Mimi pia roho yangu ilitaka. Mtu amekulia Nakuru, baba amembeba mabegani kwenda kuangalia Safari Rally ikipita, ameona Patrick Njiru wetu akiendesha Subaru, Colin McRae akashinda Safari ya 1997 na Impreza, Richard Burns akashinda ya 2000 na Impreza, sasa huyo mtu utamwambia anunue Suzuki? Tangu 2021 dunia nzima inarudi Naivasha na hapo Soysambu kwa Safari ya WRC, mashindano ya dunia ya rali, na kila mwaka barabara ya kutoka hapa inajaa rangi ya bluu. Naelewa kabisa.

Na kwenye murram hizi nyingine mbili haziikaribii. Unaingia kona unatoa mguu, pua inaingia, unakanyaga mapema kuliko akili inavyotaka, magurudumu manne yanachimba kwa pamoja na gari inajivuta kutoka kama mtu amekamata kamba mbele. Sauti yake ile ya kugugumia unaisikia hadi kifuani. Sijawahi kuipata hiyo raha kwa gari nyingine na sitadanganya.

Lakini siku iliyonifungua macho ilikuwa Athi River. Gari ya 2004, pedi za kawaida, mafuta ya breki sikuwa nimebadilisha tangu niinunue. Mizunguko mitatu ya kwanza tamu sana. Mzunguko wa nne nikafika ile sehemu ya kufunga breki ngumu, nikakanyaga, pedali ikashuka laini kama nimekanyaga sponji na gari ikaendelea tu kwenda, nikapampu mara mbili, mara tatu, ikashika nusu, nikapita kona mpana magurudumu mawili yakiwa kwenye nyasi. Harufu iliyoingia ndani ni kama rangi na chuma vimeungua pamoja. Nikazunguka mara moja polepole bila kugusa breki upepo upoze diski, nikasimama na gia bila kuvuta handbreki, nikafungua mlango nikakaa chini kando ya gurudumu. Mikono ilikuwa inatetemeka. Diski ya mbele ilikuwa imebadilika rangi kuelekea bluu.

Kilichotokea ni kwamba mafuta ya breki yananyonya maji polepole kutoka kwa hewa. DOT 4, moja ya daraja za mafuta ya breki, ikiwa mpya inachemka kuanzia nyuzi 230 kwenda juu, lakini ikishanyonya maji kiwango chake cha chini ni nyuzi 155, na DOT 3 iliyozeeka ni 140. Ikichemka inatoa mvuke, mvuke unabonyezeka, mguu unaenda chini bure. Na joto linatoka wapi? Linatoka kwa uzito na spidi. Spidi ikiwa sawa, gari ya kilo 1,400 inamwaga kwenye breki karibu theluthi moja zaidi ya moto kuliko ya kilo 1,060, kila kona, kila mzunguko. Hapo ndipo nilianza kuangalia ile Swift kwa jicho lingine.

Kingine cha Subaru ni matairi. Kwa sababu inavuta manne, matairi yote manne yanatakiwa yalingane mzunguko, aina moja, yamelika sawa. Kwenye murram jiwe likikupasulia tairi moja ubavuni, umeua moja lakini unanunua manne, ama mawili na uanze kuomba Mungu difu ya katikati, ile inayogawa nguvu mbele na nyuma, isichemke. Nilipasua mbili kwa mwaka mmoja. Fanya hesabu mwenyewe na saizi ya 17.

Halafu injini. Zile EJ za Subaru ni injini nzuri lakini zinataka mtu anayezijali. Oili ikipungua hata lita moja, kwenye kona ndefu oili inakimbilia upande mmoja, pampu inavuta hewa, beringi za konrodi zinaanza kugonga, na hiyo sauti ukishaisikia umeshachelewa. Mimi nilikuwa natoa dipstiki kila nikitoka kwenye mzunguko. Na zile za Japani zilitengenezewa petroli yao ya okteni 98 hadi 100, yetu ya pampu haifiki huko, kwa hivyo gari ya kiwandani kompyuta yake inajirekebisha inapunguza nguvu, lakini ile ambayo mtu ameshaongezea busti, yaani presha ya turbo, bila kujali petroli ndiyo inatoboa pistoni. Na hapa kuna shida ambayo haina dawa rahisi: WRX ambayo haijaguswa, Kenya hii, ni kuitafuta kwa tochi. Karibu zote nilizoenda kuona zilikuwa zimeshapita mikono mitatu minne, egzosi si yake, busti imeongezwa, mwenye kuuza anakuapia haijaguswa. Usinunue bila kupima kompresheni silinda zote nne, na fundi awe wako, si wa muuzaji.

Golf sasa. Hapa lazima niseme ukweli ambao wapenzi wa Subaru hawataki: kwenye lami, jirani yangu akiwa na GTI yake ya kawaida kabisa alikuwa ananiacha. Si kwa nguvu, ni kwa utulivu. DSG inabadilisha gia kabla hujamaliza kufikiria, viti vinakushika, usukani unakuambia ukweli. Kurudi Nakuru usiku anawasha AC, anaweka injili yake, anakuja polepole anakula mafuta kidogo kuliko mimi, familia imelala nyuma. Kama maisha yako ni barabara ya Kisumu na Nakuru kila wikendi, na treki ni lami tu, hii ndiyo gari ya mtu mzima.

Ila ujue mambo yake. Ina kitu kinaitwa XDS ambacho kinashika breki ya gurudumu la ndani la mbele ili gari isiteleze nje ya kona, ni akili sana, lakini inafanya hiyo kazi kwa kutumia breki zako. Siku ya treki pedi za mbele zinapikwa hata mahali wewe hujakanyaga. Ukizima ESP, ile kompyuta ya kuzuia gari kuteleza, kwa kile kitufe bado kompyuta inakuchungulia. Giaboksi ya DSG ya gia sita inataka oili yake ibadilishwe kila kilomita 60,000, na hii si oili ya kuokota popote. Kubwa kuliko yote ni cheni ya taimingi: hizo za mwanzo mwanzo tenshona yake, ile ya kuikaza, ilikuwa dhaifu, ikiachia cheni inaruka meno, valvu zinakutana na pistoni na hapo unaongea habari ya injini nyingine. Ukienda kuangalia GTI Mk6, mwambie mwenyewe asiiwashe kabla hujafika. Iwake baridi. Ukisikia mchakacho wa sekunde mbili tatu kama mnyororo kwenye ndoo, rudi nyumbani, ama ushushe bei na gharama ya cheni nzima na tenshona mpya ikiwa ndani.

Na vumbi si nyumbani kwake. Jirani aliingia otokrosi ya mazoezi mara moja, rimu ya mbele kulia ikapinda kwa jiwe ambalo mimi na Subaru tulipita juu yake bila kujua, bampa ikang'oka klipu tatu, hakurudi tena na simlaumu. Jambo moja nitaisifu kwa murram, handbreki yake ni ya kuvuta kwa mkono, kwa hivyo ile kona ya kujipinda unaweza. Ukipanda kwenda Mk7 hata hiyo imeondoka, ni kitufe.

Swift.

Nilipoinunua wenzangu waliniangalia kwa huruma. Kwenye barabara kuu huruma yao ina sababu: ukiwa nyuma ya trela kuelekea Mau Summit, mna watu wanne ndani, usijaribu kuovateki kwa matumaini. Unasubiri. Injini yake inatoa zile farasi zote karibu na 6,800, chini ya 4,000 imelala, kwa hivyo kwenye mzunguko unaishi gia ya pili na ya tatu na mguu wa kushoto haupumziki.

Lakini ingia nayo murram. Kwa sababu nguvu ni kidogo, kila kosa lako linaonekana. Na WRX nilikuwa naingia kona vibaya halafu turbo inanitoa, nikidhani najua kuendesha, saa inaniambia niko sawa. Na Swift ukiingia vibaya umekwama, spidi imekufa, hakuna kitu cha kukuokoa hadi ujenge tena kutoka chini, na hiyo sekunde mbili unaikumbuka ukilala. Ndani ya miezi mitatu nilijifunza kitu sikukijua miaka mitatu: kutazama mbali, kufunga breki mapema na kwa unyoofu, kuachia mguu taratibu ili mkia uje wenyewe. Ule mkia unakuja vizuri sana kwenye vumbi. Unainua mguu kidogo tu, nyuma inazunguka kwa upole, unanyoosha usukani, unakanyaga, umetoka.

Matairi ni 195/50R16, unaweza kununua mawili ya mbele peke yake, ya nyuma ukayahamisha. Breki sijawahi kuzipika hadi zikaniacha, na nilienda nayo Athi River siku nzima. Pedi za mbele zilibaki na nyama. Nikarudi nyumbani siku hiyo hiyo.

Siri ya Swift, na kusema kweli ya gari yoyote ukiwa upande huu, ni filta ya hewa. Vumbi letu si mchanga, ni majivu ya volkano, hilo hilo madereva wa Safari wanaliita feshifeshi, laini hivi kwamba ukilikanyaga linamwagika kama maji. Baada ya siku moja ya mazoezi nilifungua boksi la filta, na kidole kikatoka kimepakwa unga mweupe wa kijivu kama nimetoka kusaga muhogo. Upande wa ndani, ule wa kuelekea injini, ulikuwa safi. Huo upande wa ndani ndio unaangalia. Ukipata unga pale, vumbi linaingia kwenye silinda na linasaga pete za pistoni. Wale wanaotoa boksi la kiwandani waweke ile filta ya koni iliyo wazi ili injini ivume, hapa Nakuru wanaua injini kwa pesa zao. Hii ndiyo sababu yangu kubwa kabisa ya kusema usiimodi: wale mainjinia wa Suzuki na Subaru walifunga lile boksi kwa sababu.

Kasoro zake nyingine nizitaje nisionekane nimelipwa. Gurudumu la ndani linazunguka bure ukikanyaga mapema. Buti ni ndogo, ukibeba jeki, pampu, helmeti na tairi la ziada abiria wa nyuma amekosa mahali pa kuweka miguu. Na vitu vya Swift ya kawaida unapata kila duka la spea, lakini vile vya Sport peke yake utaagiza na kungoja.

Mtu ataniuliza Mark X. Nakuru imejaa Mark X na ni gari tamu ya barabara, ila ile ya 2.5 ni nzito, gia ni otomatiki, difu iko wazi (haifungi magurudumu pamoja), kwenye murram gurudumu moja la nyuma linachimba shimo na wewe umekaa. Ya kwenda harusi, sawa. Toyota 86 ama BRZ kwa lami ni mwalimu bora kuliko hizi zote, inavuta nyuma na ina difu ya kufunga, lakini kwa vumbi letu inakaa chini sana na kwa matumizi ya familia viti vya nyuma ni vya mabegi.

Kuhusu kuagiza kutoka nje: sheria yetu ni gari isizidi miaka 8, kwa hivyo hizi tatu zote ni za kununua humu humu nchini, zile za namba za KB na KC. Ambaye mfuko wake ni mrefu aangalie Swift Sport ya karibuni zaidi, ZC33S, ilianza 2017, ina turbo ya 1.4, farasi 140 na kilo 970 tu kwa ile ya gia za mkono. Hiyo inamaliza kabisa ile kesi ya hewa ya Nakuru. Ningekuwa nayo hizo pesa nisingekuwa naandika hapa, ningekuwa njiani kwenda bandarini.

Bima nayo. Toa ile hati yako ya bima usome ukurasa wa vitu visivyolipwa, nyingi za komprehensivu zinatoa nje mashindano na kupimana spidi, na ni vizuri ujue hilo kabla kuliko baada. Na tafadhali, wote mnaosoma, msijaribu hizi gari Salgaa. Tumezika watu wa kutosha kwa ile barabara. Kiingilio cha siku moja ya mazoezi ni kidogo kuliko chochote ambacho barabara ile itakudai.

Kwa gari yoyote utakayochagua, pesa ya kwanza usipeleke kwa egzosi. Badilisha mafuta ya breki yote weka DOT 4 mpya ya chupa iliyofungwa, pedi zikibaki nusu badilisha, oili ijae hadi alama ya juu, nati za magurudumu zikazwe kwa spana ya kipimo na zikaguliwe tena baada ya mzunguko wa kwanza, Golf ni 120 Nm, Swift ni 85. Toa kila kitu kinachozunguka ndani, mpaka ile chupa ya maji chini ya kiti, hiyo ikiingia chini ya pedali ya breki umekwisha. Presha ya matairi pima baridi asubuhi uandike, pima tena yakiwa moto. Mzunguko wa mwisho endesha polepole. Fundi wangu hapa mtaa wa Shabaab huwa ananiambia, "Mkubwa, gari imekuchukua haraka, sasa wewe ipe nafasi ipumue," na ndivyo nafanya, naacha bonneti wazi dakika kumi kabla ya kuondoka.

Sasa ndugu yangu wa Mamboleo, jibu lako. Kama ungeniambia una gari nyingine ya kazi na una akiba ya injini pembeni ambayo haitamgusa mama wala karo, ningekuambia chukua WRX, upate ile raha, maisha ni haya. Kama ungekuwa unaenda lami peke yake na una watoto wawili, Golf, na cheni ishughulikiwe wiki ya kwanza. Wewe una gari moja, mshahara mmoja, unataka vumbi na lami zote, na hujawahi kukimbia ukipimwa na saa. Chukua Swift.

Ile uliyonitumia picha, ya Milimani hapo Kisumu, nenda Jumamosi asubuhi na mapema kabla haijawashwa. Gusa bonneti iwe baridi. Iendeshe hadi ipate moto, panda nayo Riat, ukiwa kwa mlima toa gia ya pili ingiza ya tatu kwa haraka mara tano sita, ikikwaruza sinkro, ile ya kulainisha gia kuingia, imechoka, mwambie apunguze. Angalia chini ya sampu, bakuli la oili, kama imepigwa. Fungua boksi la filta, pitisha kidole upande wa ndani, halafu nipigie ukiwa bado umesimama hapo hapo, usimlipe hata deposit kabla sijasikia hicho kidole kimetoka na nini.